Popo Kwenye Parseli Yako: Wasaidie Bila Kuwagusa

Maswali ni yale yale, yatoke Mangobo, Kabondo au ng'ambo ya mto huko Lubunga, hapa Kisangani. Usiku kuna kitu kinalia kwenye mwembe. Asubuhi chini kumejaa makapi ya mapera yaliyotafunwa na kutemwa. Siku nyingine mtoto anakuja mbio: kuna popo chini, bawa limechanika, anahema. Nimfukuze? Nimtibu? Nimpe ndizi? Na Ebola je?

Jibu langu ni moja kwa wote. Popo anayekuja kula kwenye parseli yako unaweza kumsaidia sana, lakini si kwa mikono yako. Kinachomuua mjini ni nyavu, nyaya, sumu, pipa la maji lisilofunikwa, mbwa na manati. Hivyo vyote vimo ndani ya ua wako na unaweza kuvirekebisha Jumamosi moja. Mwili wa popo mwenyewe usiuguse kabisa, na sababu nitazieleza.

## Huyo ni popo yupi?

Si lazima uwe mtaalamu, ila ukijua aina tatu hizi utaacha kuogopa usichopaswa kuogopa.

- Mwenye filimbi. Mlio mwembamba, mmoja mmoja, unaorudiwa mahali pale pale karibu usiku kucha. Wapo wanaodhani ni chura wa mtini. Wapo wanaosema ni mchawi. Ni dume la popo wa matunda anayeita majike. Ukipata tochi hafifu utaona vishungi viwili vya manyoya meupe mabegani: akiita vinachanua, akinyamaza anavifutika ndani ya ngozi na huvioni tena.
- Mwenye kichwa kikubwa. Dume lake lina pua nene ndefu na midomo iliyolegea, na mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja. Hupenda miti ya kandokando ya mito na hukoroma kwa sauti nzito. Jike lake ni dogo na uso wake ni wa kawaida, ndiyo maana watu hudhani ni mnyama mwingine.
- Wa makundi. Shingo yake ina manyoya ya rangi ya majani makavu, naye hulala mchana na wenzake wengi kwenye mti mmoja mrefu. Huja kwa msimu, kisha huhama.

Wadogo wanaotoka kwenye dari jioni ni wengine kabisa. Hao wanakula wadudu, na ushauri wao nimeuweka mwishoni.

## "Lakini hawa si ndio wa Ebola?"

Tusizunguke. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba wamekuta alama za virusi vya Ebola kwa popo wa matunda wa aina tatu waliokamatwa Gabon na Kongo-Brazzaville. Wawili kati yao ni hao wa kwanza niliowataja: mwenye filimbi na mwenye kichwa kikubwa. Nasi hatuishi mbali na historia hiyo. Yambuku, mahali ugonjwa huu ulipojulikana mwaka 1976, iko kaskazini-magharibi mwetu. Likati, uliporipuka Mei 2017, iko mkoa jirani, Bas-Uélé.

Kwa hiyo hofu ina msingi, lakini elewa hatari inapita wapi: kwenye damu, mate, mkojo na nyama. Anayemkamata, anayemchuna na anayempika ndiye anayejiweka mbele. Aliyelala nyumbani kwake wakati popo anakula embe juu ya paa hayumo katika hesabu hiyo.

Basi si bora tuwaue wote? Hapana, na mfano uko Uganda. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, ugonjwa wa ukoo mmoja na Ebola, ambao watu wa Durba, hapa hapa Kongo, waliujua kwa uchungu tangu 1998. Popo wa mgodini, ambao ni aina ya mapangoni, si hawa wa miembe, wakauawa kwa wingi na mashimo yakazibwa. Baada ya muda popo wengine wakahamia humo. Walipopimwa mwaka 2012, asilimia 13.3 walikuwa na virusi. Kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1. Mwaka huo huo Marburg ikaripuka tena Uganda. Ukiua wenyeji unafungua mlango kwa wageni, na wageni hao ni vijana ambao bado hawajawahi kuugua wakapona.

Kuna wanaochanganya pia popo na mpox. Wanyama wanaoshukiwa kwa mpox ni kindi na panya wa msituni. Huyo panya mkubwa wa mtegoni anastahili tahadhari yako kuliko popo aliye juu ya mti.

## Kagua parseli, mti kwa mti

Hapa ndipo kazi ilipo. Zunguka mchana ukiwa na kalamu, kisha rudia saa moja jioni uone wanapitia wapi.

Nyavu. Hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote. Mtu ana wavu wa nailoni wa samaki uliochakaa, anautupa juu ya mwembe ili kulinda matunda. Popo haoni uzi ule. Ananasa, anajitahidi, uzi unakata ngozi ya bawa hadi mfupani, na asubuhi una mnyama hai mwenye hasira akining'inia kwenye mlango wa jikoni. Sasa lazima mtu amsogelee, na hapo umetengeneza mwenyewe hatari uliyokuwa unaikimbia. Kipimo ni rahisi: kama kidole chako kinapita kwenye tundu la wavu, usiutumie. Na chochote unachotandika, kikaze, kinacholegea kinanasa.

Nyaya za umeme. Popo mkubwa akigusa waya mbili kwa wakati mmoja amekwisha. Huwa anazigusa pale tawi lenye matunda limeegemea laini. Tawi hilo likatwe, lakini na watu wa SNEL, shirika la umeme, au baada ya wao kuzima laini. Usipande na panga kwa sababu umeme "umekatika". Unaweza kurudi ukiwa juu.

Senyenge na vioo vya ukutani. Mabawa hunasa kwenye senyenge hasa pale inapopita chini ya mti wa matunda. Funga vipande vya kitambaa cheupe au mfuko mweupe kila baada ya hatua moja. Vinaonekana usiku na havigharimu kitu.

Maji. Popo hunywa akiruka, anagusa maji kwa kifua na kulamba manyoya. Mjini penye mto Kongo na mto Tshopo hana shida ya kiu, kwa hiyo usimwekee beseni. Shida ni pipa la maji ya mvua chini ya mabati na kisima kilicho wazi: anatumbukia na kuta zinateleza. Funika. Kama huwezi kufunika, simamisha ndani yake ubao wenye gome au fito iliyokwaruzwa ili apate pa kupanda. Kufunika ni bora, maana kunazuia mbu pia na kinyesi kisiingie kwenye maji ya familia.

Sumu. Ukipuliza dawa ya wadudu kwenye maua ya mti jioni, usiku huo huo popo anayalamba. Kama ni lazima kupuliza, fanya asubuhi na mapema, si wakati mti umechanua. Na ile tabia ya kupaka sumu ya panya kwenye ndizi na kuitundika, tafadhali acha. Mtoto wa jirani naye anapenda ndizi.

Mbwa na paka. Wafungie usiku wakati wa msimu wa embe na mapera, siku ambazo popo wanakula chini zaidi. Mbwa wako apate chanjo ya kichaa, iwe una popo au huna.

Manati. Zungumza na watoto. Usiwatishe kwa majini. Waambie ukweli kuhusu mate na damu. Wataelewa haraka kuliko baba zao.

## Kuokoa matunda bila kuua

"Nikiwaacha, nitakula nini?" Swali la haki. Popo hula tunda lililoiva. Gumu la kijani halina ladha kwake. Unashindana naye katika siku chache za mwisho tu, na wewe una faida: unaweza kuvuna kabla.

1. Vuna embe na avoka zikiwa zimekomaa lakini bado ngumu, uziivishe ndani kwenye kapu au gunia.
2. Papai litoe mtini linapoonyesha mchirizi wa kwanza wa njano.
3. Mkungu wa ndizi uvalishe gunia, ukaze kamba juu kwenye bua na ubane mdomo wa chini bila kuufunga kabisa, maji ya mvua yatoke. Kata mkungu mara kidole cha kwanza kinapogeuka rangi.
4. Mapera na matawi ya chini ya mwembe yafunge kwa vipande vilivyobaki vizima vya chandarua kilichokwisha kutoboka. Nasema kilichotoboka. Chandarua kizima kina kazi yake kitandani, na malaria inaua watoto wetu wengi kuliko popo wote wa Tshopo.
5. Yaliyo kileleni, usipofika wewe, waachie.

Tunda lililoumwa tupa lote. Usikate upande mmoja ukala mwingine, usiwape watoto, usiwauzie wengine. Fagia yaliyoanguka kila asubuhi na uyafukie. Usifunge mbuzi wala kujenga banda la nguruwe chini ya mti wanakokula: mwaka 1998 na 1999 nchini Malaysia virusi vya Nipah vilitoka kwa popo vikaingia kwa nguruwe kwa njia hiyo, kisha kwa wafugaji. Wagema nao wafunike mdomo wa chupa au kibuyu juu ya mchikichi. Bangladesh wanaugua Nipah kwa kunywa utomvu mbichi wa mtende ambao popo wameulamba usiku. Nipah haijatokea huku, lakini mate kwenye masanga hayafai popote.

## Popo ameanguka chini

Baada ya mvua kubwa ya upepo hili hutokea mara nyingi, hasa kwa wachanga. Popo wa matunda akiwa chini hawezi kuruka kirahisi. Anahitaji urefu ili ajiachie. Kwa hiyo yule anayejiburuta uwanjani si lazima awe mgonjwa. Huenda anatafuta mti tu.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ondoa watoto, mbwa na kuku. Watu wasimzunguke, kelele zinamchosha kuliko jeraha.
2. Mtazame kutoka hatua tatu au nne. Je, kifuani kuna mtoto? Jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida na humbeba akiruka. Wawili hao wasitenganishwe.
3. Tafuta tawi refu, mita mbili hivi, lenye gome. Mpelekee ncha taratibu mbele ya miguu au kidole gumba cha bawa. Mara nyingi atakamata mwenyewe.
4. Akikamata, egemeza tawi hilo kwenye shina la mti ulio karibu na uondoke. Atapanda. Kama ni saa za jua kali, mfunike kwanza kwa kapu lenye matundu, na zoezi la tawi ulifanye jioni.
5. Mtoto aliye peke yake mweke kwa njia hiyo hiyo juu ya tawi, nawe kaa mbali. Mama akiwa hai huja kumtafuta giza likiingia.
6. Asubuhi angalia. Kama bado yuko pale na bawa limevunjika, huna utakachoweza kumfanyia nyumbani.

Najua sentensi hiyo ya mwisho inauma. Wako wenye moyo mwema wanaotaka kumfunga bawa kwa kitambaa, kumpa maziwa kwa sindano, kumweka chumbani kwenye boksi. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, bawa lililofungwa na asiyejua haliungi, na wewe umelala chumba kimoja na mnyama anayeuma. Mjulishe mganga wa mifugo wa komuni. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani, Kitivo cha Sayansi na kituo cha bioanuwai cha CSB, kuna watu waliosomea wanyama wadogo wa misitu yetu. Watakuelekeza, hata kama hawatamponya.

## Ameuma au kukwaruza mtu

Usingoje kuona kama atavimba.

- Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, tumia saa.
- Usifunge kidonda kwa majani, usichanje, usipake mafuta ya gari.
- Nenda kituo cha afya siku ile ile, useme wazi ni popo, uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya kichaa hutokana na mbwa, lakini popo nao wana virusi vya ukoo huo, na dalili zikishaanza hakuna dawa.
- Homa ikija ndani ya wiki tatu baada ya hapo, rudi na urudie kusema habari ya popo. Wauguzi hawawezi kukisia.

## Ukimkuta amekufa

Mmoja chini ya waya wa umeme ni ajali. Mwinue kwa koleo au kwa mifuko miwili ya plastiki iliyovalishwa mkononi, mfukie kina cha mita moja mbali na kisima, mwagia pale alipolala maji ya javel, kisha osha koleo na mikono.

Wengi kwa pamoja, bila sababu inayoonekana, ni jambo jingine. Usiwafukie, usiwaguse, weka mtu azuie watoto na mbwa, na mwite RECO (mhudumu wa afya wa jamii) wa avenyu yenu apeleke habari kwenye zoni ya afya. Ndivyo pia kwa ngedere, swala au nguruwe wa porini waliokutwa wamekufa kando ya shamba. Wala mtu asijaribu kupeleka "bahati" hiyo sokoni.

## Makosa ninayoyaona kila msimu

- Kuchoma matairi chini ya mti. Popo wanahamia kwa jirani. Moshi unabaki kwenye mapafu ya wanao.
- Kukata mti mzima mchana wakati wamelala na watoto wao. Kama mti ni lazima uanguke, ukate usiku wameshatoka au subiri kundi lihame.
- Kuwazoesha kwa ndizi mezani ili wageni wapige picha. Popo aliyezoea watu humfuata mtu mwingine ambaye hana subira yako.
- Kuanika nguo chini ya njia yao halafu kulaumu popo. Sogeza kamba.
- Kukinga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha mabati. Yaache yapite, kisha kinga. Na ya kunywa uyachemshe.

Kuna anayeuliza, tunapata nini kwa tabu hii yote? Mbegu za kambala, mti ambao mbao zake zinajenga nusu ya milango ya mji huu, husafirishwa usiku na popo wa makundi hadi mbali na mti mama. Na kisiwani Pemba, watu waliokuwa wakiwinda popo wao mkubwa, ambaye haishi mahali pengine duniani, hadi akakaribia kwisha, waligeuka wakamlinda. Leo wageni wanalipa kiingilio kijijini Kidike kumtazama amelala.

## Wale wa darini

Hawa ni wadogo, hula mbu na wadudu wa usiku, lakini kinyesi chao kikirundikana juu ya plafon kinanuka, kinaozesha mbao, na vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Una haki ya kuwatoa. Njia ni hii:

1. Jioni mbili au tatu kaa nje uone wanatokea tundu gani. Mara nyingi ni moja au mawili, pale bati linapokutana na ukuta.
2. Mchana sikiliza darini. Sauti nyembamba zisizokoma ni za watoto wasiojua kuruka. Ukiwaziba sasa watakufa humo na utanusa kwa wiki kadhaa. Huku kwetu kwenye ikweta wengi huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usitegemee kalenda. Sikiliza tena baada ya wiki sita.
3. Kukiwa kimya, ziba matundu mengine yote kwa udongo, saruji au vipande vya bati.
4. Kwenye tundu la kutokea tundika pazia la wavu wa matundu madogo, lililobanwa juu na pembeni na kuachwa huru chini. Wakitoka wanateleza chini ya pazia. Wakirudi hawapati mlango.
5. Baada ya usiku nne au tano bila anayetoka, ziba kabisa.
6. Kinyesi usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji yenye javel, funga pua na mdomo, vaa glavu, ukikusanye kikiwa na unyevu na ukifukie.

Halafu jioni inayofuata rudi nje saa ile ile uangalie upande wa pili wa paa. Mara nyingi kuna tundu ulilolisahau, na wao wamekwisha kuliona.